Béla Guttmann: Kocha wa Benfica aliyetoka klabu ya Wayahudi ya Vienna

Kila Benfica ya Ureno inapotolewa kwenye mashindano ya Ulaya, ujumbe wa wasikilizaji huanza kuingia studio kabla hatujamaliza kusoma matokeo. Swali huwa ni lilelile: ni kweli kwamba kuna kocha aliyeilaani timu hiyo? Wapo wanaosema alikuwa mganga. Wapo waliosikia kwamba alikuwa mzee mwenye hasira aliyefukuzwa kazi. Kwa kuwa kwenye kipindi tunapata dakika chache tu, tumeona tuandike habari yake yote hapa, ili hata aliye shambani aisome kwenye simu kwa nafasi yake.

Jina lake ni Béla Guttmann. Hakuwa mganga, na Benfica hawakumfukuza. Alikuwa Myahudi wa Hungaria, mchezaji na baadaye kocha, aliyefanya kazi katika nchi zaidi ya kumi. Kabla ya habari ya laana ipo habari ya klabu iliyomtengeneza, klabu ya Wayahudi wa mji wa Vienna iliyoitwa Hakoah. Asiyeijua Hakoah hawezi kumwelewa Guttmann, kwa hiyo tutaanzia huko.

Mtoto wa walimu wa dansi

Guttmann alizaliwa Budapest tarehe 27 Januari 1899. Wakati huo Hungaria na Austria zilikuwa himaya moja chini ya mfalme mmoja. Wazazi wake walikuwa walimu wa dansi, naye mwenyewe alipata cheti cha kufundisha dansi akiwa na miaka 16. Angeweza kuishi kwa kazi hiyo, lakini moyo wake ulikuwa uwanjani.

Alicheza nafasi ambayo wazee wetu wa mpira waliiita sentahafu, yaani mtu wa katikati anayezuia mashambulizi kisha anaupeleka mpira mbele. Waliomwona walisema alikuwa na miguu ya mchezaji dansi. Akiwa na MTK, klabu kubwa ya Budapest iliyokuwa na wapenzi wengi Wayahudi, alipata ubingwa wa Hungaria mwaka 1920 na tena 1921.

Lakini nje ya uwanja hali ilikuwa mbaya. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imekwisha mwaka 1918, himaya imevunjika, na Hungaria imepoteza sehemu kubwa ya ardhi yake. Kama inavyotokea mara nyingi nchi inapopata aibu, watu wakatafuta wa kumlaumu, na lawama zikawaangukia Wayahudi. Walipigwa mitaani, wengine waliuawa. Mwaka 1920 ilitungwa sheria ya kupunguza idadi ya vijana wa Kiyahudi katika vyuo vikuu. Ndipo Guttmann akavuka mpaka na kwenda Vienna, mji mkuu wa Austria. Huko alipokelewa na Hakoah.

Klabu ya waliokataliwa

Hakoah ni neno la Kiebrania, na maana yake ni nguvu. Klabu hiyo iliundwa Vienna mwaka 1909. Miongoni mwa waanzilishi wake walikuwa Fritz Löhner-Beda, mtunzi wa maneno ya nyimbo na michezo ya jukwaani, na Ignaz Körner, daktari wa meno.

Sababu ya kuiunda ilikuwa rahisi kueleweka. Klabu nyingi za michezo za Austria ziliandika katika katiba zao kwamba Myahudi hawezi kuwa mwanachama. Kijana wa Kiyahudi aliyetaka kuogelea, kupigana mieleka au kucheza mpira aliambiwa hapa si mahali pako. Tena yalikuwapo maneno ya mitaani kwamba Wayahudi ni watu wa vitabu na biashara, miili yao haina nguvu. Waanzilishi wa Hakoah waliamua kujibu kwa vitendo. Walianzisha klabu yao wenyewe, wakaipa rangi ya buluu na nyeupe, na kifuani mwa jezi wakaweka nyota ya Daudi. Hawakutaka kujificha.

Haikuwa timu ya mpira peke yake. Palikuwa na waogeleaji, wanamieleka, wanariadha, wachezaji wa hoki na wapiganaji wa panga za michezo. Na hao wanamieleka walikuwa na kazi ya ziada. Timu ya mpira ilipokwenda kucheza ugenini, mashabiki wa upande wa pili waliwatukana na mara nyingine kuwarushia mawe, basi wanamieleka wa klabu waliandamana na wachezaji kuwalinda. Ugenini, mchezaji wa Hakoah alicheza dhidi ya watu kumi na mmoja uwanjani na uwanja mzima pembeni.

Fedha za kuendesha klabu zilipatikana kwa njia ambayo ilikuwa ngeni kwa wakati ule. Hakoah ilisafiri. Popote palipokuwa na jamii ya Wayahudi, klabu ilikwenda kucheza mechi za kirafiki, na watu walijaa uwanjani kuiona timu yenye nyota yao kifuani. Mwaka 1923 ilikwenda London na kuifunga West Ham mabao 5-0, miezi michache tu baada ya West Ham kucheza fainali ya Kombe la FA. Hakoah inahesabiwa kuwa klabu ya kwanza kutoka bara la Ulaya kuifunga timu ya Kiingereza kwenye ardhi ya Uingereza.

Panya wa Paris na kipa aliyevunjika mkono

Mwaka 1924 Guttmann aliitwa timu ya taifa ya Hungaria kwa ajili ya Michezo ya Olimpiki ya Paris. Safari hiyo ilituonyesha tabia yake mapema. Alipofika aliona maofisa ni wengi kuliko wachezaji, na hoteli waliyopangiwa ilikuwa ya watu wa starehe za usiku, si ya wanamichezo wanaohitaji usingizi. Inasimuliwa kwamba aliwakamata panya waliokufa akawatundika kwenye milango ya vyumba vya maofisa. Hungaria ilitolewa na timu kutoka Afrika: Misri iliwafunga 3-0. Guttmann hakuitwa tena timu ya taifa.

Lakini mwaka uliofuata alipata furaha kubwa kuliko zote za uchezaji wake. Austria ilikuwa imeanzisha ligi ya wachezaji wa kulipwa msimu wa 1924 hadi 1925, na Hakoah ikawa inawania ubingwa wa kwanza wa ligi hiyo. Katika mechi iliyoamua mambo, kipa wao Alexander Fábián alivunjika mkono. Siku hizo hapakuwa na wachezaji wa akiba wa kuingia katikati ya mchezo. Mtu akiumia, timu inabaki pungufu. Fábián alifungwa mkono kwa kitambaa shingoni, mwenzake akaingia golini, na yeye akapelekwa mbele asimame tu kama mshambuliaji ili wasiwe kumi. Dakika chache baadaye mpira ukamfikia, akafunga. Bao hilo ndilo lililoipa Hakoah ubingwa wa Austria wa mwaka 1925.

Tafakari jambo hilo, msikilizaji. Klabu iliyoundwa kwa sababu wengine walifungiwa mlango, miaka 16 baadaye imekuwa bingwa wa nchi nzima. Na katikati ya uwanja amesimama kijana aliyekimbia nchi yake.

Marekani: kupata na kupoteza

Mwaka 1926 Hakoah ilipanda meli kwenda Marekani. Tarehe 1 Mei walicheza New York mbele ya watu 46,000, idadi ambayo kwa miaka mingi haikupitwa na mechi nyingine ya soka nchini humo. Wachezaji waliona mambo mawili: huko mishahara ilikuwa minono, na hakuna aliyewazomea kwa sababu ya nyota. Wengi waliamua kubaki, Guttmann akiwa mmojawapo. Hakoah ya Vienna haikupata tena nguvu kama ile. Safari iliyoipa klabu fedha na heshima ndiyo iliyoimaliza timu.

New York, Guttmann alicheza mpira, akafanya biashara na kununua hisa. Marekani ilikuwa imepiga marufuku pombe, naye akaweka fedha katika baa iliyouza kwa siri. Mwaka 1929 alitwaa Kombe la Taifa la Marekani akiwa na timu ya Hakoah iliyoundwa na wenzake hukohuko New York. Mwaka huohuo, mwezi Oktoba, soko la hisa likaporomoka, na akiba yake ikapotea pamoja na akiba za mamilioni ya watu wengine.

Akarudi Ulaya akiwa na umri wa miaka zaidi ya 30, hana fedha, miguu imechoka. Aliyempokea ni yuleyule: Hakoah ya Vienna. Kwanza kama mchezaji, na kuanzia mwaka 1933 kama kocha. Baada ya hapo alifundisha Uholanzi, katika mji wa Enschede, kisha akarudi Hakoah mwaka 1937.

Siku klabu ilipofutwa

Tarehe 12 Machi 1938 majeshi ya Ujerumani ya Hitler yaliingia Austria. Hakoah ilifungwa. Uwanja wake ulichukuliwa, mali ikataifishwa, na matokeo ya mechi zake za msimu ule yakafutwa kwenye msimamo wa ligi kana kwamba timu hiyo haikuwahi kuwapo. Klabu iliyokuwa bingwa wa nchi miaka 13 kabla iliondolewa kwenye vitabu.

Wanachama wengi waliwahi kukimbia, na klabu yenyewe ilisaidia kuwatoa. Wengine hawakuwahi. Zaidi ya Wayahudi 65,000 wa Austria waliuawa katika miaka iliyofuata. Fritz Löhner-Beda, mwanzilishi wa klabu, aliuawa Auschwitz mwaka 1942. Max Scheuer, beki aliyekuwa pamoja na Guttmann katika kikosi cha ubingwa, naye aliuawa katika kambi hiyohiyo.

Guttmann alirudi Hungaria. Mwaka 1939 aliiongoza Újpest kutwaa ubingwa wa nchi na Kombe la Mitropa, lililoshindaniwa na klabu kubwa za Ulaya ya Kati. Ilikuwa kazi ya hali ya juu, lakini haikumlinda. Sheria dhidi ya Wayahudi zilikuwa zimeanza kukaza, na mara baada ya makombe hayo akawa hana kazi.

Kwa miaka mingi watu wa mpira hawakujua Guttmann alikuwa wapi wakati wa vita. Alipoulizwa alikwepa, akasema ni Mungu tu aliyemsaidia. Watafiti waliofuatilia baadaye wamegundua habari ifuatayo.

Machi 1944 Wajerumani waliingia Hungaria. Kati ya Mei na Julai mwaka huo, zaidi ya Wayahudi 430,000 wa Hungaria walipakiwa kwenye mabehewa ya treni, wengi wao wakapelekwa Auschwitz. Guttmann alifichwa darini, juu ya saluni ya nywele huko Újpest, na ndugu wa mkewe Mariann, ambao hawakuwa Wayahudi. Fikiria hali hiyo: chini wateja wanaingia na kutoka, juu yao mtu mzima hathubutu kukohoa. Baadaye mwaka huohuo alijikuta katika kambi ya kazi za shuruti. Humo alikuwapo kocha mwingine Myahudi, Ernő Erbstein. Desemba 1944, waliposikia kwamba wanakaribia kusafirishwa kwenda Ujerumani, waliruka dirishani wakatoroka.

Guttmann alinusurika. Baba yake, dada yake na jamaa zake wengine wengi waliuawa. Erbstein naye alipona, akaenda kuijenga Torino ya Italia iliyotwaa ubingwa mfululizo, kisha akafa Mei 1949 pamoja na timu yake yote ndege yao ilipogonga mlima wa Superga.

Mtu asiyekaa

Baada ya vita Guttmann alikuwa na miaka 46. Hapo ndipo ilipoanza safari ambayo ukiifuata kwenye ramani utachoka: Hungaria, Romania, Italia, Ajentina, Kupro, Brazili, Ureno, Uruguai, Uswisi, Ugiriki na Austria.

Romania palikuwa na uhaba mkubwa, akakubali kulipwa mshahara wa chakula badala ya fedha. Mwaka 1947 alirudi kuwa bingwa wa Hungaria na Újpest. Kisha akaifundisha Kispest, ambako nyota alikuwa kijana Ferenc Puskás. Katika mechi moja ya mwaka 1948 Guttmann hakupendezwa na beki mmoja, akamwambia wakati wa mapumziko asirudi uwanjani, ingawa hakuna wa kuingia badala yake. Puskás akamwambia beki abaki. Beki akamsikiliza Puskás. Guttmann hakupiga kelele. Alipanda jukwaani kwa watazamaji, akafungua gazeti, akasoma hadi mpira ulipokwisha, kisha akaenda nyumbani na hakurudi tena.

Mwaka 1955 AC Milan ilimfukuza huku timu ikiwa kileleni mwa ligi ya Italia. Inaelezwa kwamba tangu hapo alidai mikataba yake iandikwe kuwa hawezi kuachishwa kazi timu ikiwa ya kwanza. Alikuwa na kanuni nyingine pia: aliamini kwamba msimu wa tatu humwua kocha, kwa kuwa wachezaji wanamzoea na wapinzani wanamsoma.

Tabia hiyo iliwachosha viongozi wengi wa klabu. Sisi tunaona ina mizizi yake. Mtu aliyeona nchi yake inamkataa, akiba yake inapotea kwa wiki moja na klabu yake inafutwa kwa amri, hawezi kutia imani kwenye ahadi ya mwenyekiti wa timu. Alijifunza kubeba mizigo yake mapema.

Hata hivyo kila alipopita aliacha kitu. Mwaka 1957 alikwenda Brazili na timu ya Honvéd, akina Puskás haohao, ambao walikuwa nje ya nchi baada ya maasi ya Hungaria ya 1956. Akabaki huko na kuipa São Paulo ubingwa wa jimbo kwa mfumo wa 4-2-4 ambao Wahungaria walikuwa wakiutumia. Msaidizi wake pale, Vicente Feola, ndiye aliyeiongoza Brazili ya kijana Pelé kutwaa Kombe la Dunia 1958, nayo ikicheza 4-2-4.

Kinyozi wa Lisbon na kijana wa Msumbiji

Mwaka 1959 aliipa Porto ubingwa wa Ureno, kisha akahamia kwa wapinzani wao, Benfica ya Lisbon. Alipofika aliwaacha wachezaji wengi wa zamani na kuwapandisha vijana. Ubingwa wa Ureno ukaja 1960, na tena 1961.

Kwa utaratibu wao, Benfica walichezesha raia wa Ureno tu. Lakini Ureno wakati huo ilitawala Msumbiji, Angola na makoloni mengine, na vijana wa huko waliruhusiwa. Mario Coluna, kiungo aliyeisukuma timu nzima, alitoka Msumbiji. Kipa Costa Pereira alizaliwa Nacala, bandari ya kaskazini mwa Msumbiji. José Águas, nahodha, alizaliwa Angola. Tarehe 31 Mei 1961, mjini Bern, Benfica waliifunga Barcelona 3-2 na kuwa mabingwa wa Ulaya. Coluna alifunga bao la tatu. Mabao mawili ya Barcelona yalifungwa na Kocsis na Czibor, Wahungaria ambao Guttmann alikuwa amesafiri nao kwenda Brazili.

Miezi michache kabla ya fainali hiyo lilitokea jambo ambalo kwetu Afrika ndilo kubwa zaidi. Inasimuliwa kwamba Guttmann alikuwa kwa kinyozi Lisbon akakutana na José Carlos Bauer, Mbrazili aliyewahi kuichezea São Paulo. Bauer alikuwa ametoka ziarani Afrika na timu yake, akamweleza habari za kijana mmoja wa Lourenço Marques, mji unaoitwa Maputo leo. Kijana huyo alikua Mafalala, mtaa wa watu wa hali ya chini. Jina lake Eusébio.

Guttmann hakusubiri. Eusébio alitua Lisbon Desemba 1960. Sporting, wapinzani wa Benfica, walidai kwamba ni wao wenye haki naye kwa kuwa alichezea klabu yao tanzu ya Lourenço Marques, hata Benfica wakamficha kwa muda kusini mwa nchi hadi mgogoro ulipotulia. Juni 1961, katika mashindano ya Paris, Benfica walikuwa wanachapwa vibaya na Santos ya Pelé. Guttmann alimwingiza kijana, naye akafunga mabao matatu. Mechi ilikwisha 6-3 kwa Santos, lakini watu waliondoka wakiuliza jina lake.

Tarehe 2 Mei 1962, Amsterdam, Benfica walikutana na Real Madrid kwenye fainali. Upande wa Madrid alikuwapo Puskás, yuleyule wa habari ya gazeti. Puskás alifunga mabao matatu kipindi cha kwanza, Madrid wakaenda mapumziko wakiongoza 3-2. Kipindi cha pili Coluna akasawazisha, kisha Eusébio mwenye miaka 20 akafunga mawili. Benfica 5, Real Madrid 3. Kombe la pili mfululizo.

Mwezi uliofuata, tarehe 25 Juni 1962, wanaharakati wa Msumbiji walikutana Dar es Salaam na kuunda FRELIMO. Wakati wenzao wanajipanga kudai uhuru, Eusébio na Coluna walikuwa wanashangiliwa Lisbon kama mashujaa wa Ureno. Msumbiji ilipata uhuru 1975, na Coluna alirudi kwao, akaja kuwa rais wa shirikisho la mpira la nchi hiyo.

Sasa, habari ya laana

Baada ya Amsterdam, Guttmann aliwaendea viongozi wa Benfica kuomba nyongeza ya malipo. Alikuwa amewapa makombe mawili ya Ulaya. Wakamjibu kwamba hakuna kifungu cha namna hiyo kwenye mkataba wake. Alikuwa amemaliza msimu wa tatu, ule alioamini kuwa ni wa hatari. Akaondoka. Inasimuliwa kwamba akiwa mlangoni alisema Benfica hawatakuwa tena mabingwa wa Ulaya kwa miaka mia moja.

Tangu siku hiyo Benfica wamecheza fainali nane za Ulaya na kupoteza zote: 1963, 1965, 1968, 1983, 1988, 1990, 2013 na 2014. Ile ya 1990 ilichezwa Vienna, mji alikozikwa Guttmann. Inaelezwa kwamba Eusébio alikwenda kaburini kwake kuomba msamaha kwa niaba ya klabu. Benfica wakafungwa na AC Milan 1-0.

Tunajua wasikilizaji wengi wangependa tuishie hapo. Lakini kuna jambo wanaosimulia laana hawalitaji. Guttmann alirudi Benfica. Aliifundisha tena msimu wa 1965 hadi 1966, akala mshahara wao, na kwenye robo fainali alikuwa kwenye benchi Manchester United ya George Best ilipowafunga 5-1 Lisbon. Mtu aliyelaani nyumba kwa miaka mia haji kupanga chumba humo baada ya miaka mitatu. Kuhusu fainali nane, kila moja ina maelezo yake: mbili zilipotea kwa penalti, na katika miaka ya 1960 walikutana na Milan, Inter na Manchester United zikiwa katika ubora wao. Kila mtu ataamini anavyoona. Sisi tunadhani alitamka neno la hasira ya mtu aliyenyimwa alichoona ni haki yake, na matokeo yakalifanya neno likue.

Kinachotusumbua ni kwamba neno hilo moja limefunika maisha yote. Ukimtaja Guttmann mtu anakumbuka laana, hakumbuki dari la Újpest, wala dirisha aliloruka, wala klabu ya vijana waliokataliwa na wakawa mabingwa.

Guttmann alifariki Vienna tarehe 28 Agosti 1981, akiwa na miaka 82. Amezikwa katika makaburi makuu ya mji huo, upande wa Wayahudi. Mwaka 2014 Benfica walisimamisha sanamu yake kwenye uwanja wao wa Luz, amebeba makombe mawili, moja kila mkono.

Na Hakoah? Mwaka 1945, vita ilipokwisha, wachache waliosalia waliifufua klabu. Timu ya mpira haikudumu, ilifungwa miaka michache baadaye, kwa kuwa Wayahudi wa Vienna walikuwa wamebaki kiduchu. Lakini michezo mingine iliendelea, na baada ya madai ya miaka mingi klabu ilipata tena ardhi karibu na pale ulipokuwa uwanja wake wa zamani. Mwaka 2008 ilifunguliwa nyumba mpya ya michezo, na watoto wanafanya michezo humo hadi leo.

Basi siku Benfica wakitolewa tena, tutumie ujumbe kama kawaida. Ila ukiulizwa kijiweni yule kocha wa laana alikuwa nani, anza na Hakoah.